Chachu Iliyomwagwa Mferejini

Wahenga hawakuwa watu wa kupoteza maneno. Waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, walijua fika kwamba mbacha ni mkeka uliochakaa. Una matundu, unachoma magoti, na hakuna anayeutandika mbele ya wageni kwa majivuno. Walijua pia kwamba msala, mkeka wa kuswalia, ni mpya na unapendeza macho. Ubaya wa msala huo ni kwamba una mwenyewe, tena yuko safarini. Mwenyewe akiuchukua na kwenda zake, wewe uliyeutupa mkeka wako utakaa sakafuni, tena sakafu yenye baridi. Maneno haya yalimkuta mwanamke mmoja mwokaji mikate, na aliyalipia kwa jasho lake mwenyewe.

Watu walimwita Bi Moto. Wapita njia walidhani jina hilo lilitokana na tanuri lake kubwa la matofali, lakini waliofanya kazi chini yake walijua ukweli. Mwanamke yule alikuwa na ulimi wa kubabua. Hata hivyo alikuwa mchapakazi asiye na mfano, na watu tisa walilisha nyumba zao kwa kazi ya kiwanda chake. Kila alfajiri kiwanda kilipeleka mikate mia nne hospitalini, na iliyobaki iligawanywa madukani.

Kiwanda hakukianzisha yeye. Kilianzishwa na mama mkwe wake, bibi mfupi mwenye macho makali, ambaye alizaa watoto wawili wa kiume. Mkubwa alirithishwa tanuri, akamwoa Bi Moto, kisha akafariki na kumwachia mjane wake kazi. Mdogo alipewa mashine ya kusaga iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Mashine ilisaga ngano ya wakulima wa vilimani pamoja na mtama kidogo, tanuri likaoka. Mkate wao ulikuwa wa kahawia na mzito, na aliyekula vipande viwili asubuhi alifika adhuhuri bila kulalamika.

Kilichoumua mkate huo hakikuwa hamira ya dukani. Ilikuwa chachu, yaani unga na maji vilivyoachwa vikachacha vyenyewe ndani ya mtungi. Kila siku nusu ya chachu ilichotwa ya kuokea, na iliyobaki ikalishwa unga na maji, asubuhi na jioni. Chachu ni kama mifugo, haijui sikukuu wala msiba. Mama mkwe aliilisha miaka thelathini na mmoja, na jioni aliyomzaa mtoto wake wa pili aliilisha kwanza ndipo akaenda kujifungua.

Basi ikaja miaka ya neema. Madini ya nchi yalipanda bei ng'ambo, fedha ya nchi ikapata nguvu, na vitu vya kutoka nje vikawa rahisi kuliko vya nyumbani. Nchi yenyewe ndogo, milango yake wazi, basi kila kitu kiliingia. Sabuni iliingia, nyanya za kopo ziliingia, hata vijiti vya kuchokonoa meno vilipanda meli kutufuata, kana kwamba kwetu miti imekwisha!

Pamoja na vijiti hivyo akaja wakala wa unga. Alikuwa kijana nadhifu, shati limenyooshwa hadi mikono, na maneno yake yalikuwa matamu kama asali.

"Mama yangu," alisema, "unga huu ni mweupe pe, na bei yake ni theluthi mbili ya unaonunua sasa. Na hamira hii hapa. Pakiti moja, saa mbili, donge limeumuka. Kwa nini ujitese na mtungi?"

Bi Moto aliutazama mtungi. Kwa ajili ya mtungi ule hakuwahi kulala kwa dada yake hata usiku mmoja tangu aolewe, na harusi ya mpwa wake ilimpita hivi hivi. Tusimlaumu bure. Nani asiyechoka?

Wiki hiyo hiyo alivuka barabara akamkuta shemeji yake mlangoni pa mashine.

"Shemeji, kuanzia Jumatatu sichukui tena. Unga wako mweusi unanifukuzia wateja."

"Mweusi?"

"Ndiyo, mweusi. Watu wanataka mkate mweupe."

"Haya, shemeji," alijibu, akaendelea kufagia. Baada ya mwezi aliigeuza mashine yake ikawa ya kusaga chakula cha kuku.

Kisha Bi Moto akaubeba mtungi hadi uani na kuimwaga chachu mferejini. Chachu haikuondoka kimya kimya. Siku mbili mfereji ulifura povu, likapanda hadi kizingitini kwa majirani, watu wakaja kushangaa na kucheka. Mama mkwe hakucheka. Alikibeba kiti chake kutoka kiwandani akakiweka barazani, na tangu siku hiyo hakuugusa mkate wa nyumba ile. Kila asubuhi alikunywa chai kavu.

Miaka miwili ilikwenda vizuri, na tukisema uongo Mungu anatuona. Mikate ilikuwa myeupe, laini, ikauzika hadi mitaa ya mbali. Bi Moto alipaka kiwanda rangi mpya, akanunua gari dogo la kusambazia, akalala kwa dada yake siku tatu mfululizo. Kichwa kikamvimba kidogo. Mama mkwe alipokohoa tu barazani, yeye alisema, "Mama naye, kila kipya kwake ni adui!"

Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Huko ng'ambo viwanda vilipunguza kununua madini yetu. Bei ikaporomoka, fedha za kigeni zikaadimika, na fedha yetu ikanywea. Mtu aliyelala Jumapili na pesa ya gunia aliamka Jumatatu na pesa ya nusu gunia, ingawa mfukoni hamkupungua hata senti. Bi Moto alimpigia simu wakala mara nne, na mara ya tano simu ikapokelewa.

"Mama yangu, meli imeleta kidogo sana. Anayelipa kwa fedha za kigeni ndiye anayepata."

"Na sisi wateja wako wa siku zote?"

"Pole, mama yangu. Sina la kufanya."

Simu ikakatika. Bi Moto akashika tama. Waokaji wawili wa mtaa wa pili walikuwa wamekwisha kufunga milango. Ghalani mwake mlikuwa na unga na hamira ya siku kumi na tano, basi. Na mkataba wa hospitali ulisema wazi: siku tatu bila mkate, mkataba umevunjika. Bila hospitali hakuna kiwanda, na bila kiwanda watu tisa wangerudi nyumbani kuwatazama watoto wao machoni. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Kisha akajifunga kibwebwe. Alikwenda barazani, akapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Mama, nisaidie. Zungumza na mwanao anisagie tena."

Bibi akanywa chai yake taratibu. "Kinywa kilichomfukuza ndicho kitakachomrudisha. Mimi cha kwangu kinakunywa chai."

Basi Bi Moto akavuka barabara. Mashine ilikuwa ikinguruma na vumbi la dagaa limetanda kila mahali, maana chakula cha kuku hakikosi dagaa.

"Hodi, shemeji!"

"Karibu. Una kuku wangapi?"

"Sikuja kwa habari ya kuku."

"Basi umepotea njia. Hapa tunawahudumia kuku. Na wateja wangu ni wapole, shemeji. Tangu waanze kula unga wangu, hakuna hata mmoja aliyeniambia ni mweusi."

Vibarua wake wawili waliangua kicheko. Siku nyingine Bi Moto angewababua wote watatu wakakosa pa kujificha. Siku hiyo alimeza mate machungu, akasema, "Nilikosea."

"Unasemaje? Mashine inapiga kelele."

Bi Moto alikwenda moja kwa moja ukutani, akaizima mashine.

"Sasa unasikia. Nilikosea, shemeji. Nilikutupa wewe na kazi yako kwa ajili ya mtu ambaye leo hata simu yangu hapokei. Naomba unisagie ngano."

Shemeji alijifuta vumbi usoni. "Nimesikia. Lakini kusikia si kusaga. Wakulima wengi wameacha ngano kwa sababu hawakuwa na wa kumuuzia. Wachache bado wanayo ghalani. Nikiwaita warudi shambani, halafu meli ikarudi na unga wa bei poa, nitawaambia nini? Na hata nikikubali leo, mawe haya yananuka dagaa. Utawalisha wagonjwa mkate wa samaki?"

Bi Moto akarudi nyumbani. Lakini kesho yake, kabla vibarua hawajafika, alikuwa mlangoni pa mashine na ndoo, brashi na suruali ya marehemu mumewe. Shemeji alimkuta ameingia mwili mzima ndani ya mdomo wa mashine, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Wewe, shemeji! Unafanya nini humo?"

"Natoa dagaa!" sauti ilijibu kutoka ndani.

Alisugua siku nzima, na siku ya pili tena, hadi kucha zikakatika. Alisugua jiwe la juu na jiwe la chini, akachokonoa kila mfereji wa jiwe kwa msumari, akasaga mtama wa kusafishia na kuumwaga mara tatu. Jioni ya siku ya pili shemeji aliinama akanusa. Akanusa tena.

"Hakuna kitu," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Sikiliza, shemeji. Nitakusagia. Chakula cha kuku nitakihamishia kwenye mashine ndogo niliyonayo kule nyuma. Lakini magunia kumi kila wiki, mwaka mzuri na mwaka mbaya, meli ije isije. Nataka mkono wako, na mama ashuhudie."

Walipeana mikono mbele ya baraza. Bibi aliitikia kwa kichwa mara moja, basi.

Unga ukapatikana. Sasa chachu. Zilibaki siku kumi na mbili, na chachu haiuzwi dukani.

"Mama, ulianzaje ile ya kwanza?"

"Kwa unga, maji na subira. Unga umepata. Maji yapo bombani. Kuhusu hicho cha tatu, pole sana, maana nakujua."

Bi Moto alichanganya unga na maji kwenye ndoo mbili, akazifunika kwa kitambaa. Siku ya pili vijipovu vilianza kutokea. Siku ya tatu ndoo zote mbili zilifura, naye akapiga vigelegele peke yake, wafanyakazi wakadhani kuna aliyechumbiwa. Siku ya nne, kimya. Povu lilitoweka, maji ya kijivu yakaelea juu, na ndoo zikanuka kama soksi za askari wa zamu.

"Imekufa hii, Bi Moto," alisema mkandaji wake mkubwa, mwanamume mwenye mikono mipana ambaye hakuwahi kuishiwa na habari mbaya. "Tuimwage."

Bi Moto aliinyanyua ndoo. Alikuwa amekasirika kweli kweli, na mfereji ulikuwa hatua tano tu kutoka pale.

"Weka chini!" sauti ilitoka barazani. Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono kiunoni. "Ulishamwaga mara moja, hukushiba? Hiyo haijafa. Wadudu wabaya wanaondoka, wazuri hawajafika. Punguza nusu, ilishe, uondoke hapo kabla hujaitia nuksi."

Bi Moto akalisha. Siku ya tano kimya, akalisha. Siku ya sita kimya, akalisha. Mkandaji mkubwa aliuliza kama aanze kutafuta kazi mahali pengine. Alijibiwa kwa maneno ambayo hayaandikiki, naye akarudi kukanda. Siku ya saba, Bi Moto alipofunua kitambaa alikuta povu dogo ukingoni mwa ndoo moja, na harufu imegeuka, kali na tamu kama ya embe lililoiva kupita kiasi. Hakupiga vigelegele. Aliketi sakafuni, akaegemea ukuta, akalia.

Siku ya tisa alioka mikate sita ya kujaribu. Lo! Ilitoka migumu, bapa, ingefaa kujengea. Mkandaji mkubwa aligonga mmoja mezani, meza ikaitika. Mama mkwe aliomba aletewe kipande. Alikichovya katika chai, akatafuna upande ule wenye meno, akameza. Ulikuwa mkate wa kwanza kumpita kooni kwa miaka miwili.

"Mbaya," alisema. "Lakini ni wetu. Umeuharakisha. Mkate huu hauumuki kwa saa mbili kama ule wa pakiti. Ukande jioni, uoke alfajiri. Na maji ongeza, unga huu una kiu."

Siku tatu zilizobaki, bibi alirudisha kiti chake ndani ya kiwanda na kuketi karibu na meza ya kukandia, akipiga mikono ya watu kwa kijiko cha mbao kila walipokosea. Bi Moto naye alipigwa. Hakusema neno, na hiyo peke yake ilikuwa maajabu. Mikate ikaanza kunyanyuka, kwanza kidogo, kisha kwa heshima yake.

Hamira ya mwisho ilikwisha. Asubuhi iliyofuata gari dogo liliingia uani mwa hospitali na mikate mia nne ya kahawia. Mkuu wa jiko, mama mpana aliyewahi kurudisha kreti nzima ya mayai kwa sababu ya yai moja lililooza, aliutwaa mkate wa kwanza akaugeuza.

"Mmeunguza?"

"Hapana. Ndiyo rangi yake."

Akauweka kwenye mizani. Uzito ulikuwa sawa, tena umezidi kidogo. Akaumega, akanusa, akatafuna. Bi Moto alishika mlango wa gari kwa nguvu.

"Mchachu," alisema mkuu wa jiko.

"Kidogo."

"Si kidogo."

"Kesho utapungua. Nakuahidi, dada yangu, kesho utapungua."

Mkuu wa jiko alitafuna tena, bila haraka, macho yake kwenye karatasi ya mkataba. "Ule mweupe wako," alisema, "wagonjwa walikuwa wakiula saa moja, saa tatu wananigongea dirisha. Hapa pameandikwa uzito. Rangi haikuandikwa." Akaikunja karatasi. "Shusheni."

Watu wakashusha. Bi Moto alizunguka nyuma ya gari, akajifuta machozi kwa pindo la kanga, kisha akarudi akiwafokea kwa kuchelewa.

Mwaka ule wa dhiki ulipita taratibu. Waokaji waliobaki mjini walipanga foleni wakisubiri meli, na Bi Moto akaoka kila siku. Wakulima wa vilimani walirudi kwenye ngano, shemeji akaongeza kibarua wa tatu. Hatimaye madini yakapanda tena huko ng'ambo, fedha yetu ikanyanyua kichwa, na asubuhi moja nani akatokea mlangoni? Wakala, shati limenyooshwa vile vile.

"Mama yangu! Nimekuletea habari njema. Unga mweupe, nusu ya bei unayonunua. Nusu! Nikupe magunia thelathini kwa wiki?"

Wakandaji waliacha kukanda. Shemeji alikuwa akiingia na gunia la ngano begani, akasimama palepale kizingitini, hakuingia wala hakurudi. Nusu ya bei si jambo dogo, na kila mtu mle ndani alijua kupiga hesabu.

Bi Moto alichukua unga kiganjani, akausugua kwa kidole gumba. "Ni mzuri," alisema. "Sitausema vibaya. Niletee magunia matatu, ya keki."

"Matatu tu? Na ya mikate?"

"Ya mikate yapo begani kwa shemeji yangu. Mtafutieni nafasi apite, gunia ni zito hilo!"

"Mama yangu, biashara ni hesabu," wakala alisema, akijaribu kutabasamu.

"Nimeipiga, mwanangu. Nilibaki na namba moja tu siijui, labda wewe utaniambia." Alifuta mikono, akamtazama usoni bila hasira. "Siku utakayoondoka tena, utaniaga?"

Wakala akatoa kalamu, akaandika magunia matatu.

Bi Moto alinunua unga wa meli kila mara ulipokuwa rahisi, akauza keki, akapata faida, na wala hakuona haya. Wahenga hawakumkataza mtu kuukalia msala wa mgeni uliotandikwa mbele yake. Walikataza kuutupa mkeka wako kwa sababu yake, maana siku mgeni akiukunja, hatakuuliza utaketi wapi. Ndiyo maana walisema, nao walisema kweli: usiache mbachao kwa msala upitao.